Bati, picha pacha au postikadi: watalii wa Niagara kwenye ukuta wa Shela

Mpwa wangu ana nyumba ya wageni Shela, kisiwani Lamu, vyumba vinne chini ya dari ya boriti, na ukuta mmoja wa ukumbi ameutenga kwa picha za wasafiri wa zamani. Alianza na moja tu, ya wageni waliosimama kando ya mnara wa Vasco da Gama hapa kwetu Malindi, wamevaa makoti na kofia katika jua la saa sita, kisha hamu ikamshika. Nilipompigia simu kumwambia kuna mama wa Kiitaliano upande wa Casuarina anafunga nyumba arudi kwao, na kwamba marehemu mumewe alikuwa mkusanyaji wa picha, alivuka bahari hadi Mokowe alfajiri ya pili yake akapanda basi la kwanza.

Alichelewa. Nyingi zilikuwa zimekwisha chukuliwa. Zilibaki tatu, zote za watalii kwenye maporomoko ya Niagara, kule mpakani mwa Marekani na Kanada, na yule mama alitaka bei ileile kwa kila picha. Mpwa wangu alikuwa na fedha ya moja. Tukaomba ruhusa tuzitazame kwa utulivu, tukazipanga barazani juu ya kanga, akanigeukia: "Shangazi, wewe umelelewa studio. Nichagulie."

Ni kweli. Baba yangu alipiga picha mjini Malindi miaka mingi, na mimi nilijua kukausha picha na kuzikata kingo kabla sijajua kukata mboga. Lakini sikumchagulia palepale. Picha zile tatu zilikuwa za aina tatu, na kila aina ina jambo moja inaloliweza kuliko wenzake na jambo jingine linaloishinda. Siku hizi wapo wengi wanaozinunua mtandaoni au wanaozikuta katika masanduku ya watu wanaohama, na wauzaji huziita zote "picha za kale", basi. Nataka anayesoma ajue ameshika nini mkononi kabla hajatoa pesa, hasa akiwa mkaazi wa pwani, maana hewa yetu ina chumvi na picha haziistahimili sawasawa.

Picha ya bati

Ya kwanza ilikuwa ndogo ya kutosha kiganjani, imefifia kuelekea weusi, pembe zake zimekatwa kwa mkasi. Mume na mke. Mke ameketi, mume amesimama na mkono begani mwa mkewe, na nyuma yao maporomoko yanamwagika. Mpwa wangu aliiokota akidhani ni kadi, akashtuka. "Hii chuma!"

Chuma kweli. Wamarekani waliipa jina la bati na sisi tunaweza kuiita hivyohivyo, ingawa madini ya bati hayamo. Ni kipande cha chuma chembamba kilichopakwa vanishi nyeusi, kikatiwa dawa inayonasa mwanga, kikaingizwa kwenye kamera dawa ikiwa bado mbichi. Hamilton Smith, mwalimu wa sayansi katika chuo kimoja cha Ohio, alipata hataza yake mwaka 1856. Ilikuwa rahisi na ilikuwa tayari mteja akiwa bado anasubiri, kwa hiyo ilienea kwenye maonyesho, fukwe na kila penye watalii, na wapigapicha wa mitaani waliendelea nayo hata karne ya 20 ilipoingia.

Ukitaka kuitambua, chukua sumaku ndogo. Isogeze upande wa nyuma, isiguse uso wa picha. Ikivutwa, umeshika chuma; kioo na karatasi havivutwi. Kisha angalia vifungo vya koti. Picha ya bati haina negativu, yaani ile picha geuzi ya kuchapia nakala. Kile kilichokuwa ndani ya kamera ndicho ulichokishika, kwa hiyo kulia kumegeuka kushoto, na koti la yule bwana lilionekana limefungwa upande wa kike. Maana yake nyingine ni kwamba nakala ya pili ya picha hiyo haipo popote duniani. Kipande kilekile cha chuma kilikuwamo chumbani na watu wale wawili, hatua chache kutoka kwenye nyuso zao, kikapokea mwanga uliotoka kwao. Mimi kwa hilo peke yake naipenda bati kuliko picha zote.

Sasa tazama maji. Nilimpa mpwa wangu kioo cha kukuzia, akaona michirizi ya brashi. Maporomoko yale yalikuwa pazia lililochorwa. Studio za pale Niagara zilikuwa na mapazia ya namna hiyo, na sababu yake yaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi hii: dawa mbichi na rasharasha za maji hazipatani, na mwanga wa nje haungoji mtu. Mpwa wangu uso ulimshuka. "Basi hawakufika?"

Nilimjibu kwamba huenda walifika, wakalowa, kisha wakaingia studio wapigwe picha wakiwa wamejipangusa. Nikamkumbusha vibanda vya wapigapicha wa kivuko cha Likoni miaka ya 1990, watu walivyokuwa wakisimama mbele ya mapazia ya meli, ndege na majumba makubwa. Nikamkumbusha na kwao Lamu, mpigapicha Omar Said Bakor aliyekuwa akikata na kuunganisha picha hata mtu akaonekana mahali ambapo mwili wake haukupata kusimama. Nani alisema ni uongo? Baba yangu alikuwa na pazia la mlima wenye theluji, na watu waliovua samaki maisha yao yote walilichagua wenyewe. Pazia linakuonyesha mtu alitaka aonekane wapi. Kwenye bati, aliyepigwa ndiye aliyelipa, akaiweka mfukoni, akaenda nayo nyumbani. Macho yanayokutazama ni ya mwenye picha.

Picha pacha

Ya pili ilikuwa kadi ngumu, karibu sentimita 18 kwa 9, na juu yake picha mbili za karatasi zinazofanana zimebandikwa bega kwa bega. Lakini si sawa kwa kila kitu. Zimepigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kama macho ya binadamu, na ukizitazama kupitia chombo chake chenye lenzi mbili, zinakuwa moja na kina kinafunguka: mtu wa mbele anakaa mbele, jabali la nyuma linarudi nyuma. Chombo hatukuwa nacho. Lakini hata kwa macho matupu picha ile ilitunyamazisha.

Hapa hakuna pazia. Maji yenyewe yameanguka wakati kamera imefumbua jicho, na kwa kuwa ilihitaji muda kunasa mwanga, yametoka laini kama sufi iliyochambuliwa. Kuna kidaraja chembamba cha miguu kinachotoka kisiwa cha Goat Island kuelekea ukingo wa maporomoko makubwa yenye umbo la kwato, na mwishoni kuna mnara wa mawe uliosimama juu kabisa pale maji yanapoinama. Juu ya kidaraja wamo watu, wadogo kama sisimizi, mmoja ameshika mwavuli.

Mnara ule ndio saa ya picha hii. Uliitwa Terrapin Tower, na ulivunjwa mapema miaka ya 1870. Basi picha ikiuonyesha, ilipigwa kabla ya hapo, hata kadi iwe haina tarehe. Niagara ina alama nyingi za kumsaidia mnunuzi kwa namna hii. Daraja kubwa la chuma la upinde karibu na maporomoko lilifunguliwa 1898 likaanguka Januari 1938, barafu ilipolisukuma. Ukiliona, picha ni ya kati ya miaka hiyo. Ukiona Rainbow Bridge, ni ya 1941 au baada yake. Muuzaji akikwambia picha ni ya 1860 na hilo daraja limo, mrudishie picha yake kwa adabu.

Pembeni mwa kadi hizi mara nyingi huchapwa jina la mpigapicha. Kwa Niagara utakutana na Charles Bierstadt, nduguye mchoraji Albert Bierstadt, na George Barker. Ni mafundi wazuri, lakini jina lao lisikufanye ulipe kupita kiasi, kwani picha hizi zilitoka kwenye negativu na zilichapwa kwa wingi sana. Yako si ya pekee. Na jambo la pili nililomwonya mpwa wangu: watu walio kwenye kidaraja hawakuinunua. Iliuzwa kwa yeyote, hata kwa mtu aliyekaa kwake Boston hajapata kuyaona maji hayo. Watalii wamo kwa kazi ileile tunayompa mtu tunapomwambia asimame kando ya mbuyu, tujue ukubwa wake.

Mtu ataniuliza, je, hakuna picha yenye vyote, maji ya kweli na mtalii aliyeinunua? Ipo. Kuanzia mwaka 1853 Platt Babbitt alikuwa na kibanda chake upande wa Marekani, mahali paitwapo Prospect Point. Aliwapiga watalii wakiwa wameduwaa wanatazama maji, wengi wao wametupa mgongo, kisha akawauzia. Za mwanzo alizipiga kwenye shaba iliyopakwa fedha, ufundi uliotangaziwa ulimwengu kutoka Paris mwaka 1839 na uliochukua jina la mvumbuzi wake, Daguerre. Baadaye akapiga na za kioo. Picha ya fedha utaitambua ukiiinamisha huku na huku: mara inakuonyesha picha, mara inakuonyesha uso wako kama kioo cha kujitazamia. Hata picha ya kale kabisa ya Niagara tunayoijua, iliyopigwa 1840 na mkemia Mwingereza Hugh Lee Pattinson, ni ya fedha namna hiyo. Ukiletewa moja, usiiguse uso hata kwa pamba, maana kidole kinafuta picha kama kinavyofuta vumbi, na tafuta mtu wa makumbusho kabla hujafanya lolote. Sisi hatukuletewa. Turudi barazani.

Postikadi

Ya tatu mpwa wangu alikuwa ameisukuma kando tangu mwanzo kwa sababu ilionekana mpya kuliko wenzake. Vijana watatu wamevaa makoti marefu ya kitambaa kilichotiwa mafuta yasipenye maji, vichwani kofia za kufunika hadi shingo. Hivyo ndivyo walivyovikwa watalii walioteremka hadi chini ya maporomoko, penye kelele na mvuke. Mmoja anacheka. Wawili wamekaza nyuso kama watu wa picha ya kitambulisho.

Igeuze. Mgongoni kuna mstari katikati: kulia anwani, kushoto maneno. Marekani iliruhusu maneno kuandikwa upande wa anwani mwaka 1907, kwa hiyo kadi ya Marekani yenye mstari huo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kisha weka kioo cha kukuzia juu ya uso wa kadi. Ukiona vidoto vilivyojipanga, imechapwa mashineni kama gazeti na thamani yake ni ndogo. Ukiona weusi unaingia katika weupe taratibu bila vidoto, ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha. Hii ilikuwa halisi. Studio iliweza kumpiga mtalii na kumkabidhi kadi zake mwenyewe azitume.

Na hawa walituma. Maneno yalikuwa ya penseli, kwa Kiitaliano, na hapa Malindi Kiitaliano si fumbo. Mpwa wangu mwenyewe alikijulia hotelini kabla hajaenda Shela. Akasoma polepole akinifasiria. Maji yananguruma usiku na mchana. Makoti haya si yetu, tumeazimwa. Mwambieni mama mimi sijambo, nimenenepa. Akasoma mstari wa "mwambieni mama" mara mbili, kisha akaiweka kadi chini, safari hii katikati ya kanga.

Hewa yetu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asikimbie, kwa sababu maelezo mengi ya kutunza picha yameandikwa kwa watu wenye nyumba kavu na baridi, madirisha yamefungwa.

Bati na chumvi ni maadui. Vanishi ikipasuka, hata ufa mwembamba kama unywele uliotokana na kukunjwa kidogo, unyevu unapita na chuma kinaanza kutu chini yake, kisha picha inabanduka vipande. Kutu huanzia pembeni, kwenye kingo zilizokatwa. Usiioshe kwa maji, usiipanguse kwa mafuta, usijaribu kuinyoosha ikiwa imepinda. Ukuta wa Shela unaopigwa na kusi miezi kadhaa mfululizo si mahali pa bati. Weka kwenye bahasha ya karatasi safi, ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikichoka.

Picha pacha za miaka ile zimechapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai. Jua huzififisha na unyevu huzigeuza rangi ya chai ya maziwa. Ukungu hupenda gundi iliyo kati ya picha na kadi, na wadudu wanaokula karatasi hupenda gundi hiyohiyo. Faida yake ni kwamba kadi ni nene, haijikunji, na hata ikififia kidogo bado utaona kitu.

Postikadi ina ngozi ya jelatini. Siku za joto la kaskazi jelatini hulainika, na picha ikiwa imegusana na kioo cha fremu itanatana nacho, ukiivuta itachunika. Nimeona picha za arusi za watu zikiharibika hivyo, baba yangu akiletewa azitenganishe na asiweze. Dawa yake ni rahisi: fundi wa fremu aweke ukingo wa karatasi nene kati ya picha na kioo, hewa ipite.

Kwa zote tatu kuna jambo moja ambalo hata ndugu wenye nia njema hulifanya, nalo ni kuipeleka picha dukani kwa mtu wa fotokopi ikapigwe leminesheni. Joto na gundi ya ile plastiki haviondoki tena. Albamu zenye kurasa za kunata nazo ni vivyo hivyo.

Nilivyomwambia

Kama ungekuwa unataka kuwaonyesha wageni mahali penyewe, maji na mawe kama yalivyokuwa, nilimwambia, chukua picha pacha, na utafute chombo chake cha kutazamia, kwa sababu bila hicho umenunua nusu. Ni nzuri pia kwa mwalimu, na kwa anayeanza, maana zinapatikana kwa wingi na kosa lako halitakuumiza sana.

Kama unataka kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na uko radhi kukiweka gizani ukakitazama mara moja moja, chukua bati. Usiichukue kwa ajili ya ukuta. Mtu anayetaka ukuta akachukua bati ataiua ndani ya miaka michache kwa mapenzi yake mwenyewe.

Lakini wewe una ukumbi ulio wazi pande mbili na wageni wanaoingia na miguu ya mchanga. Chukua postikadi. Pigisha nakala nzuri ya pande zote mbili, uso na mgongo, utundike nakala hizo pamoja katika fremu moja na tafsiri ya Kiswahili chini yake, na kadi yenyewe uifungie. Sura zimo. Mahali pamo, hata kama ni kwa makoti tu. Na wageni wako, ambao kila jioni wanapiga picha kwenye matuta ya mchanga ya Shela na kuwatumia mama zao kwa simu, watasimama mbele ya ile fremu kuliko mbele ya maporomoko yoyote.

Alifikiri. Akaniuliza kama siionei wivu ile bati. Sikumjibu. Akalipa postikadi, na yule mama akamfungia kwa gazeti. Nikalitoa gazeti, maana wino wake huhamia, nikaifunga kwa karatasi nyeupe ya daftari.

Siku mbili baadaye nilirudi Casuarina peke yangu na fedha zangu za upatu. Picha pacha ilikuwa imekwisha chukuliwa. Bati ilikuwa bado ipo mezani, imelala kifudifudi, na mama yule akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri kama nilikuwa na hakika, kwa kuwa ina doa la kutu. Nilimwambia nimeliona.

Naiweka katika kopo la biskuti chini ya kitanda, mahali pasipo na ukuta wa nje. Kila mwanzo wa mwezi nafungua, natazama ile pembe iliyokatwa chini ya mguu wa mume. Doa ni ukubwa wa punje ya mtama, kama siku tuliyoipanga juu ya kanga. Natazama na mkono wake begani mwa mkewe, kisha nafunika kopo.